Si uzee tu: Mafunzo ya kuzeeka vyema kutoka kwa fuko, ndovu na wanyama wengine wenye umri mrefu

Ukipita kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, karibu na Mtito Andei, baada ya mvua, huenda ukaona vilima vidogo vya udongo mwekundu vyenye tundu katikati, mfano wa volkano ndogo. Ukisimama kimya kwa muda, unaweza kuona udongo ukirushwa nje kidogo kidogo, bila kumwona anayeurusha. Aliye chini ni fuko asiye na manyoya, mnyama mdogo wa waridi, ngozi imekunjamana, meno mawili ya juu na mawili ya chini yametokeza mbele ya midomo. Wataalamu humwita fuko uchi. Usimchanganye na fuko mwenye manyoya anayefahamika zaidi katika mashamba ya nyanda za juu.

Mkulima anamjua kwa ubaya, kwa kuwa hula viazi vitamu na mihogo kutoka chini, na siku ya kuvuna unang'oa shina ukapata ganda. Lakini mnyama huyuhuyu amewekwa katika maabara kubwa za Marekani na Ulaya, analishwa, anapimwa na kuandikiwa rekodi kwa miongo kadhaa. Sababu ni moja. Anazeeka kwa namna ambayo sayansi haikuitarajia.

Makala haya yanaeleza kile ambacho fuko huyu, pamoja na ndovu, nyangumi na kobe, wamewafunza watafiti kuhusu umri mrefu, na kile ambacho mkazi wa kaunti yetu anaweza kukifanya leo kutokana na mafunzo hayo. Tutaeleza pia kile ambacho wanyama hawa hawatufunzi, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hupoteza pesa, na wengine hupoteza afya.

Panya wa miaka 3, fuko wa miaka 37

Kwa kawaida, mnyama mkubwa huishi miaka mingi kuliko mdogo. Panya mdogo wa nyumbani akitunzwa vizuri hufika miaka 2 au 3. Ndovu wa Afrika anaweza kufika miaka 60 hadi 70. Fuko uchi ana uzito wa takriban gramu 35, karibu sawa na panya huyo, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida angepaswa kufa akiwa na miaka michache tu. Badala yake, wako waliovuka miaka 37 wakiwa katika maabara.

Sehemu ya habari hii ilianza humu nchini. Mtafiti Jennifer Jarvis alianza kuwachunguza fuko hawa nchini Kenya miaka ya 1960. Mwaka 1981, katika jarida la Science, alieleza kwamba wanaishi kama nyuki: kundi lina malkia mmoja anayezaa, na wengine ni wafanyakazi wa kuchimba, kutafuta chakula, kulinda na kulea watoto. Baadhi ya makundi yaliyotumika katika utafiti wa uzee huko Marekani yalianzishwa na fuko waliokamatwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanasayansi Rochelle Buffenstein aliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 30, na wanyama wakaendelea kuishi.

Mwaka 2018, Buffenstein na wenzake walichapisha uchambuzi wa rekodi za zaidi ya fuko 3,000. Kwa binadamu, baada ya miaka 30 hivi, uwezekano wa kufa huongezeka maradufu karibu kila miaka 8. Ndiyo maana mtu wa miaka 70 yuko katika hatari kubwa kuliko wa miaka 40. Kwa fuko hao, hatari hiyo haikuonekana kupanda kadiri miaka ilivyosonga. Fuko wa miaka 20 hakuwa karibu na kifo zaidi ya mwenzake aliye kijana.

Lililo muhimu zaidi kwetu si idadi ya miaka, ni hali ya miaka hiyo. Watafiti waliopima mioyo ya fuko wazee waliikuta ikifanya kazi karibu sawa na ya vijana. Mifupa yao haikuwa imedhoofika kama inavyotarajiwa. Malkia huendelea kuzaa akiwa na umri mkubwa. Saratani, ambayo huwaua panya wengi wa maabara, kwa fuko ni nadra sana, kiasi kwamba visa vya kwanza kuripotiwa mwaka 2016 vilikuwa habari kubwa katika majarida ya sayansi.

Kwa maneno mengine, fuko ametuonyesha kwamba kuongezeka kwa miaka na kuongezeka kwa magonjwa ni mambo mawili tofauti. Mara nyingi huandamana, lakini si lazima yawe kitu kimoja.

Siri iko kwenye matengenezo

Kwa nini panya achakae haraka na fuko adumu? Fikiria vijiji viwili vilivyochimbiwa visima vyenye pampu. Katika kijiji cha kwanza hakuna ua wala mlinzi, na kila mtu anajua pampu itaibwa kabla ya mwaka kuisha. Kamati haina sababu ya kununua grisi na vipuri. Inachota maji mengi iwezekanavyo kabla wezi hawajafika. Katika kijiji cha pili pampu imezungushiwa ua na ina mlinzi. Kamati hiyo inaona faida ya kuweka akiba ya matengenezo, kwa sababu pampu itakuwepo miaka 20 ijayo.

Panya ni kijiji cha kwanza. Bundi, nyoka na paka wanamsubiri. Mwili wake, kwa vizazi vingi, umejengwa kuzaa haraka na kwa wingi, huku nguvu kidogo tu zikitengwa kwa ukarabati. Fuko ni kijiji cha pili. Anaishi chini ya ardhi ngumu, katika njia zinazoweza kufika kilomita kadhaa, mbali na maadui wengi, na chakula chake ni mizizi minene inayodumu ardhini wakati wa ukame. Kwa mnyama wa aina hiyo, kuutunza mwili kunalipa.

Ndiyo maana watafiti wanapochunguza seli za fuko wanakuta mifumo mingi ya ukarabati. Seli zake ni makini katika kutengeneza protini bila makosa na kuondoa zilizoharibika. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani walieleza kwamba mwili wake una wingi wa kitu cha utelezi kiitwacho hayaluronani, chenye molekuli kubwa zaidi ya mara tano ya zile za binadamu au panya, na kwamba kitu hicho husaidia kuzuia seli kugeuka saratani. Anaweza pia kustahimili dakika 18 bila oksijeni kabisa, kama ilivyothibitishwa mwaka 2017, kwa kubadili namna seli zake zinavyotumia sukari.

Kanuni hii ya usalama na matengenezo inaonekana kwa wanyama wengine pia. Popo, kwa kuwa huruka na kujificha mapangoni, huishi kuliko panya wa ukubwa wake. Popo mmoja wa Siberia mwenye uzito wa gramu 7 hivi alipatikana akiwa hai miaka 41 baada ya kuwekewa alama. Kobe ana gamba. Nyangumi ana ukubwa.

Njia ni nyingi

Nyangumi wa Aktiki aitwaye bowhead anaweza kuishi zaidi ya miaka 200. Mwaka 2007, wawindaji wa jadi wa Alaska walimpata mmoja akiwa na kipande cha silaha mwilini, na wataalamu wakaitambua kuwa ya aina iliyotengenezwa mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa amepigwa zaidi ya miaka 100 kabla, akapona na kuendelea kuogelea. Seli za nyangumi huyu zina uwezo mkubwa wa kuunganisha upya DNA iliyokatika.

Papa wa Greenland huenda polepole katika maji baridi sana. Mwaka 2016, watafiti walipima lenzi za macho ya papa 28 na kukadiria kwamba mkubwa kuliko wote alikuwa na umri wa miaka isiyopungua 272, na huenda ulikaribia 400. Jike hukomaa kuzaa akiwa na umri wa miaka 150 hivi.

Ndovu wana njia tofauti. Mwili mkubwa una seli nyingi, na kila seli inayogawanyika ni nafasi moja zaidi ya saratani kuanza. Kwa hesabu hiyo, ndovu wangeangamia kwa saratani, lakini sivyo. Mwaka 2015 ilibainika kwamba ndovu ana nakala 20 za jeni iitwayo TP53, ilhali binadamu hurithi nakala moja tu kutoka kwa kila mzazi. Kazi ya jeni hii ni kama ya mkaguzi: ikiona seli imeharibika, huisimamisha itengenezwe, au huiamuru ife kabla haijaleta madhara. Seli za ndovu zinapopata hitilafu hufa mapema. Ndovu hapotezi muda na sehemu mbovu.

Hapa pwani yetu wengi wanamkumbuka Mzee, kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra katika bustani ya Haller, Mombasa, aliyejulikana duniani kote alipozoeana na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004. Umri wa Mzee ulikadiriwa kupita miaka 100. Katika kisiwa cha St Helena yuko Jonathan, kobe anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1832. Jonathan hajaepuka uzee kabisa. Ana mtoto wa jicho na haoni, na uwezo wa kunusa umempotea. Kwa sababu hiyo waliopewa kazi ya kumtunza humlisha matunda na mboga kwa mkono mara moja kwa wiki, kwa kuwa nyasi anazojitafutia peke yake hazimtoshelezi. Jambo hilo tulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Nyanya anayejua njia ya maji

Kuna somo ambalo halimo ndani ya seli. Ng'ambo ya vilima vya Chyulu, katika mbuga ya Amboseli, familia za ndovu zimefuatiliwa tangu mwaka 1972 katika utafiti ulioanzishwa na Cynthia Moss. Kila familia huongozwa na jike mzee. Mwaka 2001, watafiti walionyesha kwamba familia zenye viongozi wenye umri mkubwa zaidi zilikuwa bora katika kutofautisha sauti za ndovu wanaowafahamu na za wageni, na zilifaulu zaidi katika uzazi. Mwaka 2011, ilibainika kwamba majike wazee ndio waliotambua vyema ngurumo ya simba dume, ambaye ni hatari zaidi kwa ndama.

Kusini mwa mpaka, katika mbuga ya Tarangire, Tanzania, ukame wa mwaka 1993 uliua ndama wengi. Familia zilizotoka mbugani kutafuta maji na malisho kwingine zilipoteza ndama wachache kuliko zilizobaki. Maelezo ya watafiti ni kwamba majike wazee walikuwa na kumbukumbu ya ukame mkubwa wa takriban miaka 35 iliyotangulia, na walijua pa kwenda.

Wakazi wa kaunti kavu kama yetu hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Nani anayekumbuka mahali mto wa mchanga unapohifadhi maji hata Septemba? Nani anayejua mbegu ya kunde iliyovumilia miaka ile mibaya? Uzee wenye afya si faida ya mzee peke yake. Mzee anapoanguka, maktaba nzima ya kijiji huanguka naye, na mara nyingi binti au mjukuu huacha kazi au masomo ili kumuuguza.

Kile ambacho wanyama hawa hawatufunzi

Kila habari ya mnyama wa maajabu inapotoka, hufuatwa na muuzaji. Sokoni na kwenye simu zetu tunauziwa poda, mafuta na vidonge vya "kurudisha ujana". Ni muhimu mwananchi ajue ukweli ulivyo.

Mwaka 2023, watafiti walichukua jeni ya fuko inayohusika na hayaluronani wakaiweka ndani ya panya. Panya hao walipata saratani kwa kiwango kidogo na wakaonekana na afya bora uzeeni. Maisha yao, kwa kipimo cha kati, yalirefuka kwa asilimia 4.4. Hayo ni mafanikio makubwa kwa sayansi, lakini yalipatikana kwa kubadilisha jeni kabla ya panya kuzaliwa, katika maabara yenye wataalamu na vifaa vya hali ya juu. Na hata hivyo panya hakugeuka kuwa fuko. Muuzaji anayedai amekuwekea matokeo makubwa kuliko hayo katika chupa ya shilingi 500 hakwambii kweli.

Nyama ya fuko, mafuta ya kobe au mfupa wa ndovu pia hauwezi kukupa umri wa mnyama huyo. Jeni haziliwi zikahamia kwako. Tumbo huzisaga kama chakula kingine chochote. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaharamisha kuwaua au kufanya biashara ya wanyamapori bila idhini. Anayekushawishi umtafutie kobe wa dawa anakuingiza gerezani.

Matengenezo tunayoyaweza

Hatuwezi kubadilisha jeni tulizozaliwa nazo. Tunachoweza ni kufuata kanuni ileile: kutafuta uharibifu mapema na kuurekebisha kabla haujawa mkubwa. Hapo ndipo adui wetu mkubwa anapojitokeza, na adui huyo ni maneno matatu: "Ni uzee tu."

Mwandishi wa makala haya anayajua maneno hayo kutoka nyumbani. Nyanya yangu mzaa mama alilima ndengu na mtama hadi alipofika miaka 70. Alipoanza kulalamika kuhusu kichwa kuuma asubuhi na macho kuona ukungu, sote tulisema ni uzee. Yeye mwenyewe alisema hivyo. Alfajiri moja alianguka akielekea jikoni. Hospitalini presha yake ilikuwa imepita 200, na tulipoulizwa alipimwa mara ya mwisho lini, hakuna aliyekuwa na jibu. Hakuwahi kupimwa. Aliishi miaka sita zaidi, upande wa kulia ukiwa umepooza, akikaa kwenye kiti karibu na mlango akitazama shamba ambalo hakuweza tena kuliingia. Nyumba hiyo ilikuwa na redio, simu, na mjukuu aliyekuwa chuoni akisomea kuuliza watu maswali. Swali moja tu halikuulizwa.

Hakuwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa. Presha haina dalili kwa watu wengi. Huharibu mishipa, moyo na figo kimyakimya, kama bomba linalovuja chini ya ardhi.

Wataalamu wa afya wanapendekeza yafuatayo.

Pima presha na sukari. Kila mtu mzima anapaswa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi iwapo kipimo kimewahi kuwa juu. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hivyo, kinahitaji matibabu. Zahanati iliyo karibu nawe inapima. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba pia wamepewa vifaa vya kupimia. Mhudumu akifika, usimwambie apime watoto tu. Mwite mzee aliye nyuma ya nyumba.

Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Hili ndilo kosa la kawaida zaidi. Mtu anameza dawa ya presha miezi mitatu, kipimo kinarudi vizuri, anaziweka kando. Kipimo ni kizuri kwa sababu ya dawa. Huachi kupaka pampu grisi kwa kuwa inazunguka vizuri. Zungumza na daktari kabla ya kubadilisha chochote.

Punguza chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isiyozidi kijiko kimoja kidogo cha chai, ukijumlisha na iliyomo kwenye mkate, vibanzi na viungo vya kununua. Onja muthokoi kabla ya kuongeza chumvi mezani.

Tembea, na ujenge misuli na wizani wa mwili. Shirika hilohilo linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano. Kwa waliovuka miaka 65, linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kuzuia kuanguka. Kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi, asubuhi na jioni, ni zoezi. Kupalilia ni zoezi. Mzee asikatazwe kila kazi kwa jina la heshima, mwachie anazoziweza.

Kula vyakula vya shamba letu. Ndengu, mbaazi na kunde zina protini ambayo misuli ya mzee inaihitaji sana. Ongeza mboga za kijani na matunda ya msimu. Chai ya sukari na mkate mweupe asubuhi, mchana na jioni si lishe ya mzee, hata kama ndiyo rahisi kuandaa.

Acha tumbaku na upunguze pombe. Ugoro pia ni tumbaku. Wazee wengi wanaojivunia kutovuta sigara huweka ugoro mdomoni kila siku, na ugoro una madhara yake.

Angalia macho na masikio. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mfupi, na mtu akaona tena. Kobe Jonathan hana namna, lakini nyanya yako anayo. Asiyeona vizuri huanguka, na asiyesikia hujitenga.

Usimwache mzee peke yake. Shirika la Afya Duniani linahusisha upweke na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na kupungua kwa uwezo wa akili. Fuko hulala wakiwa wamerundikana pamoja ili kupashana joto. Simu ya dakika tano kutoka kwa mtoto aliye Nairobi haigharimu sana. Kumwalika mzee kwenye kikao cha maji au cha shule, na kumsikiliza, hakugharimu kitu.

Haki na huduma zilizopo

Ibara ya 57 ya Katiba inatambua haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia na usaidizi wa Serikali. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi nchini, kwa hiyo hili si jambo la watu wachache.

Huduma za zahanati na vituo vya afya ziko chini ya serikali za kaunti. Kila mkazi anahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024, na kuwasaidia wazee wasio na simu kujisajili. Wenye miaka 70 na zaidi wanaweza kuulizia mpango wa kitaifa wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa walioandikishwa. Anzia katika ofisi ya chifu au naibu wa chifu ukiwa na kitambulisho.

Tuanze na swali moja

Huenda siku itafika ambapo utafiti wa fuko, ndovu na nyangumi utazaa dawa. Kazi hiyo inaendelea, na sehemu yake ilianzia katika udongo wa nchi yetu. Lakini hakuna haja ya kuisubiri. Ugonjwa uliompooza nyanya yangu una dawa tayari, na dawa hizo si ngeni wala za maabara ya ng'ambo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba si uzee tu.

Wiki hii, mwulize mzee mmoja wa boma lako au la jirani: "Mara ya mwisho ulipimwa presha lini?" Akikosa jibu, msindikize hadi zahanati. Na ukipita karibu na shamba ukaona udongo ukirushwa kutoka kwenye kitundu, mwache fuko aendelee na kazi yake. Huenda ana umri mkubwa kuliko wewe.